Akiba ya Ghala Moja

Wahenga walisema ya kwamba akiba haiozi. Lakini, msomaji, jiulize: akiba yote ikiwekwa katika ghala moja, na ghala hilo likaungua, mwenyewe atakula nini? Swali hili liliwafika wenye simu huko Marekani katika mwaka wa 2009, na habari zake zamfaa kila mwanafunzi atumiaye simu.

Hapo awali, mtu aliyetaka kuhifadhi yaliyomo katika kifaa chake cha mkononi alikiunganisha na kompyuta yake mwenyewe. Ndivyo walivyofanya wenye Pilot, kifaa kidogo cha kuwekea anwani na miadi, kilichotolewa na Palm mwaka 1996. Walikisimamisha juu ya kitako chake, wakabonyeza kitufe, na maandishi yao yakawa mahali pawili. Kifaa kikipotea, kingine kilijazwa kutoka katika kompyuta.

Mwaka 2002 ikatokea Sidekick, simu iliyoundwa na kampuni ya Danger ya California na kuuzwa na T-Mobile. Simu hiyo haikuhitaji waya wala kompyuta ya nyumbani. Majina, picha na barua zilipelekwa kwa mawimbi ya hewa hadi kwenye kompyuta kubwa za kampuni, ziitwazo seva, na huko ndiko zilikotunzwa. Aliyepoteza simu alinunua nyingine, akaandika jina lake na neno la siri, na mambo yake yakamrudia. Watu wakaona raha, wakaacha kufikiri juu ya akiba.

Microsoft ikainunua Danger mwaka 2008. Basi, mwanzoni mwa Oktoba 2009 seva zile zikaharibika. Tarehe 10 wateja wakaambiwa ya kwamba yamkini mambo yao yamekwisha kupotea. Tena wakaonywa wasitoe betri wala wasiiache iishe nguvu, kwa kuwa hata mabaki yaliyokuwa ndani ya simu yangefutika. Hebu fikiri jinsi walivyozilinda simu zile zisizimike, kama watu wa kale walivyolinda kaa la mwisho la moto!

Tarehe 15 Microsoft ikatangaza ya kwamba imeokoa mambo ya wateja karibu yote. Ikaeleza pia chanzo cha msiba: hitilafu iliharibu hazina kuu pamoja na nakala yake ya akiba. Nakala ilikuwako, lakini haikusalimika siku ilipohitajiwa.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 2011, Apple ilianzisha iCloud, na siku hizi simu nyingi hupeleka nakala zake kwenye seva za mbali, hata mwenyewe asitambue. Huo ni msaada mkubwa, wala sikushauri uukatae. Ila usiutegemee peke yake. Picha za wazazi wako na maandishi ya masomo yako yawe pia katika kompyuta au kadi nyingine, mbali na simu. Neno lako la siri ulihifadhi, maana ghala lisilofunguka ni sawa na ghala tupu. Kisha, mara kwa mara, jaribu kurudisha picha moja au barua moja kutoka katika nakala hiyo. Nakala isiyopata kujaribiwa ni tumaini tu, haijawa akiba.