Kituo na Vijiji Vyake

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mithali hii yaonyesha vema jinsi Misheni ilivyoenea katika nchi ya Masasi. Yatupasa kuikumbuka, kwa kuwa hata leo kazi zetu ni nyingi, na mikono ya kuzitenda ni michache.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi. Hapo kanisa, skuli, mashamba na nyumba vilikuwa mahali pamoja, chini ya msimamizi mmoja. Faida yake ilikuwa kubwa, lakini hatari yake ikadhihirika mwaka 1882, Magwangwara walipokishambulia kijiji na kuteka watu. Palipopigwa mahali pamoja, kazi zote zilisimama. Ndipo Newala, kwa Sultani Matola, palipokuwa kimbilio.

Tangu hapo kazi zilienezwa, wala hazikutawanywa. Mwaka 1886 Cecil Majaliwa alipelekwa Chitangali, naye mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa Misheni hii kupewa ukasisi. Baadaye kila kituo kikawa na vijiji vyake, na kila kijiji skuli yake na mwalimu wake. Kasisi alivizunguka vijiji. Nao waalimu walifika kituoni kwa nyakati zilizowekwa, wafundishwe, watoe habari za kazi, wapokee vitabu na mishahara. Hivyo skuli nyingi ndogo, ambazo kila moja peke yake ingalikufa, ziliishi kwa kutegemeana.

Vita vya mwaka 1914 viliujaribu utaratibu huu. Serikali ya Wadachi iliwafunga wamisionari Waingereza, na waalimu wengine Waafrika pia. Lakini kazi haikuzimika, maana makasisi na waalimu Waafrika waliobaki waliijua, wakaishika. Basi mwaka 1926, Masasi ilipofanywa dayosisi na Vincent Lucas kuwa Askofu wake wa kwanza, msingi ulikuwa umekwisha kuwekwa.

Zamani hizo mwalimu wa skuli alikuwa pia mwalimu wa dini. Kwa sheria ya mwaka 1969 skuli zilitwaliwa na Serikali, na kamba moja ya tita lile ikakatika.

Tujifunze nini, ndugu zetu wa mitaa na waalimu? Kisima, zahanati, skuli ya watoto wadogo na shamba la Kanisa, vikiendeshwa kila kimoja peke yake, hugombania mfuko ule ule. Vikiwekwa vyote mkononi mwa mtu mmoja, siku atakapoondoka vitaanguka vyote. Afadhali kazi zilizo jamaa ziwe na baraza moja na msimamizi mmoja, hesabu ya kila kazi isomwe mbali mbali mbele ya watu wote, na kila kijiji kiwe na mtu wake aliyefundishwa kazi. Kinga na zikae pamoja. Lakini kila nyumba iwe na kaa lake, ili moto wa jirani ukizimika, apate mahali pa kuomba.