Mkoba wa Ngozi Uliokosa Nafasi Kigali

Jioni pale kituo cha mabasi cha Nyabugogo, Kigali, abiria aliyeshuka kwenye basi la Musanze na mfuko wake wa viazi hupatana na motari, yaani dereva wa pikipiki ya teksi, mambo mawili: nauli, na mzigo ukae wapi. Mara nyingi mzigo huishia mapajani, au mbele ya motari, juu ya tangi la mafuta.

Kwingineko swali hilo lilipata jibu zamani. Watu wa Lamu walimtandika punda shogi ya ukili, ikaning'inia mbavu zote mbili. Wapanda farasi wa Ulaya na Marekani walikuwa na yao ya ngozi, na pikipiki zilipokuja wakaihamishia huko. Katika Vita Kuu ya Pili, Harley-Davidson WLA za jeshi la Marekani zilitoka kiwandani kwa makumi ya maelfu, na mikoba ya ngozi ubavuni. Baadaye masanduku magumu yakaanza kuisukuma kando.

Mkoba huo haukupata makazi Kigali, na si kwa kukosa ng'ombe wala ujuzi wa ngozi. Wanyarwanda walilainisha ngozi tangu kale. Wanawake walivaa inkanda, vazi la ngozi ya ng'ombe. Kilichokosekana ni nafasi. Pikipiki ya Kigali ni teksi: abiria mmoja, helmeti mbili. Pale ambapo mkoba ungening'inia, ndipo miguu ya abiria inapokaa. Tena kuna masika ya itumba na vuli ya umuhindo; ngozi inayolowa kila siku hukakamaa, huota ukungu, hudai mafuta. Motari anayeamka alfajiri kutafuta riziki hana muda wa kuipaka.

Mwaka 2008 Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Uamuzi huo uliusafisha mji, na ulistahili sifa zote ulizopata, lakini uliwaachia abiria wa pikipiki mfuko wa karatasi ambao mvua moja ya mtaa wa Kimironko inatosha kuutoboa chini. Nyanya zikaanguka barabarani.

Mabadiliko ya kweli yalikuja kwa njia ya msiba. Machi 21, 2020, serikali ilipofunga nchi kwa sababu ya korona, pikipiki zilikatazwa kubeba abiria, zikaruhusiwa kupeleka bidhaa. Kwa wiki kadhaa, hadi mwanzoni mwa Juni, kiti cha nyuma kilikuwa wazi. Motari wengi waliumia, kwani nauli ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watoto wao. Mwaka huohuo kampuni ya Vuba Vuba ilianza kupeleka chakula majumbani kwa oda za simu.

Kilichopanda kwenye kiti kile ni sanduku la mraba: nje turubai, ndani sponji na karatasi ya fedha inayotunza joto. Hufungwa kwenye keria, na fundi mzoefu huongeza vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu chakavu, akavivuta hadi sanduku lisicheze kwenye kona za mteremko. Mkoba wa ngozi ni mzuri kuliko hilo kwa sura, hakuna ubishi. Ila supu ya moto hauibebi.

Tangu Januari 2025, pikipiki mpya inayosajiliwa kwa biashara ya abiria Kigali lazima iwe ya umeme. Kampuni kama Ampersand, iliyoanza biashara mwaka 2019, humbadilishia motari betri badala ya kumsubirisha ichajiwe. Tangi la mafuta linaondoka. Keria ya nyuma imebaki, na masanduku yanaendelea kufungwa juu yake.