Mlango wa nyuma wa XZ Utils

Mlango wa nyuma wa XZ Utils ni msimbo wa hila uliofichwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu huria iitwayo XZ Utils, yaliyotolewa Februari na Machi 2024. Msimbo huo ulilenga kompyuta zinazotumia Linux. Ungemwezesha mtu mwenye ufunguo maalumu wa siri kuingia katika seva kutoka mbali na kuiamrisha apendavyo, bila kuwa na akaunti wala neno la siri.

Uligunduliwa na mhandisi Andres Freund na kutangazwa hadharani tarehe 29 Machi 2024, kabla haujaenea katika seva nyingi. Katika orodha ya kimataifa ya kasoro za usalama ulipewa namba CVE-2024-3094 na alama 10 kati ya 10, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa cha hatari.

Tukio hili hutajwa sana katika mijadala kuhusu usalama wa intaneti kwa sababu ya njia iliyotumika. Mshambuliaji alijiunga na mradi kama mtu wa kujitolea, akafanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, na mwishowe akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya ya programu.

Usuli

XZ Utils ni mkusanyo wa programu za kubana faili, yaani kupunguza ukubwa wake bila kupoteza chochote kilichomo. Faili zilizobanwa hivyo huwa na jina linaloishia kwa .xz. Ndani ya mkusanyo huo mna maktaba ya msimbo iitwayo liblzma, ambayo programu nyingine huitumia ili zisilazimike kuandika upya kazi ya kubana na kubanua. Msimbo wa kiini cha Linux husambazwa katika faili za .xz, na mfumo wa Debian umetumia ubanaji huo kwa vifurushi vya programu zake. Hivyo XZ Utils imo karibu katika kila kompyuta ya Linux, ingawa watumiaji wengi hawajawahi kusikia jina lake.

Kwa miaka mingi programu hii ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Ufini. Aliifanya kazi hiyo kwa kujitolea, bila mshahara.

Katika programu huria mtu yeyote anaruhusiwa kusoma msimbo, kuunakili na kupendekeza mabadiliko. Hata hivyo, si kila mtu anaruhusiwa kuyaingiza mabadiliko hayo. Kazi hiyo ni ya mtunzaji: yeye husoma mapendekezo, huyakubali au kuyakataa, kisha hutoa toleo jipya. Baada yake, watengenezaji wa mifumo kama Debian, Fedora na Ubuntu huchukua toleo hilo na kulifikisha kwa watumiaji. Kila mmoja katika mnyororo huu humwamini aliye nyuma yake, na mtumiaji wa mwisho huwaamini wote bila kuwajua.

Jinsi mshambuliaji alivyoaminiwa

Mwaka 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alifungua akaunti katika tovuti ya GitHub. Mnamo Oktoba mwaka huo alituma pendekezo lake la kwanza kwa mradi wa XZ Utils. Lilikuwa badiliko dogo lisilo na madhara. Alifuatisha mengine mengi, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ya manufaa.

Mwaka 2022 watu wengine waliotumia majina ya Jigar Kumar na Dennis Ens walianza kuandika katika orodha ya barua pepe ya mradi. Walilalamika kwamba mapendekezo yanachelewa kushughulikiwa na kumhimiza Collin atafute mtu mwingine wa kuutunza mradi. Mwezi Juni 2022 Collin alijibu kwamba hajapoteza hamu, ila uwezo wake umepungua kutokana na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili pamoja na mambo mengine. Aliwakumbusha pia kwamba huo ni mradi wa kujitolea usio na malipo. Akaongeza kwamba huenda Jia Tan akapewa nafasi kubwa zaidi siku zijazo.

Baadaye watu hao waliokuwa wakilalamika hawakuonekana tena. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba walikuwa majina ya bandia yaliyoundwa kwa lengo la kumshinikiza mtunzaji.

Kufikia mwanzoni mwa 2023 Jia Tan aliweza kuingiza mabadiliko moja kwa moja, na Machi mwaka huo alitoa toleo lake la kwanza. Mwezi Julai 2023 aliomba kipengele kimoja cha programu kizimwe katika huduma ya Google ya kupima programu huria. Baadaye ilibainika kwamba kipengele hicho ndicho kilichotumiwa na mlango wa nyuma.

Jinsi ulivyofanya kazi

Msimbo wa hila haukuandikwa wazi katika faili za kawaida za programu. Ulifichwa kwa hatua kadhaa:

1. Sehemu kuu iliwekwa ndani ya faili mbili za majaribio. Programu ya kubana huhitaji faili za aina hiyo, zikiwemo zilizoharibika makusudi, ili kupima kama inafanya kazi sawasawa. Yaliyomo hayasomeki kwa macho, hivyo hakuna aliyeyatilia shaka.

2. Maelekezo ya kuifungua sehemu hiyo yaliwekwa katika faili moja ya kuandaa ujenzi wa programu. Faili hiyo ilikuwamo katika kifurushi cha toleo kinachopakuliwa na watengenezaji wa mifumo, lakini haikuwamo katika hifadhi ya wazi ambamo watu husoma msimbo. Aliyesoma hifadhi hiyo peke yake asingeiona.

3. Wakati wa ujenzi, maelekezo hayo yalikagua kwanza mazingira. Yaliendelea tu kama kompyuta ni ya Linux yenye kichakato cha aina ya x86-64, na kama kinachojengwa ni kifurushi cha mifumo ya jamii ya Debian au ya Red Hat.

4. Masharti yakitimia, msimbo wa hila uliunganishwa ndani ya maktaba ya liblzma.

Shabaha ilikuwa OpenSSH, programu ambayo wasimamizi huitumia kuingia katika seva kutoka mbali. OpenSSH yenyewe haitumii liblzma. Hata hivyo, baadhi ya mifumo ya Linux huirekebisha ili iwasiliane na systemd, programu inayosimamia huduma za kompyuta, na maktaba ya systemd ilikuwa ikiipakia liblzma. Kwa njia hiyo ya kuzunguka, msimbo wa kubana faili ulijikuta ndani ya mlango mkuu wa seva.

Ukiwa humo, ulichukua nafasi ya kazi mojawapo ya kuhakiki funguo za anayeingia. Ikiwa ujumbe uliopokelewa ulikuwa na saini ya ufunguo wa siri wa mshambuliaji, amri iliyomo ilitekelezwa hata kabla ya mtu kutambuliwa, tena kwa mamlaka yote ya mfumo. Mtu mwingine yeyote asiye na ufunguo huo aliona seva ikifanya kazi kama kawaida.

Ugunduzi

Andres Freund ni mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL. Mnamo Machi 2024 alikuwa akipima kasi ya mabadiliko ya PostgreSQL katika kompyuta yenye toleo la Debian ambalo bado liko katika maendeleo. Vipimo vya aina hiyo huhitaji kompyuta isiyo na shughuli nyingine. Akaona kwamba OpenSSH inatumia nguvu nyingi za kichakato, hata pale ambapo majaribio ya kuingia yalikuwa yakikataliwa papo hapo kwa kutumia majina yasiyokuwepo.

Alipopima zaidi aligundua kwamba jaribio lililokuwa likichukua takriban sekunde 0.3 sasa linachukua takriban sekunde 0.8. Muda huo wa ziada ulikuwa ukitumika ndani ya liblzma. Akakumbuka pia kwamba wiki chache kabla aliona onyo la ajabu kuhusu kumbukumbu ya kompyuta katika majaribio ya PostgreSQL, baada ya vifurushi kusasishwa.

Mwanzoni alidhani kifurushi cha Debian ndicho kilichoharibiwa, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba tatizo lilitoka katika mradi wenyewe wa XZ Utils. Aliwajulisha kwanza wahusika wa usalama kwa faragha, kisha tarehe 29 Machi akatoa taarifa kamili katika orodha ya barua pepe ya usalama wa programu huria.

Mifumo iliyoathirika na hatua zilizochukuliwa

Matoleo yenye mlango wa nyuma yalikuwa yameingia hasa katika mifumo inayosasishwa haraka au iliyo katika majaribio: Debian ya majaribio na ya maendeleo, Fedora Rawhide, toleo la awali la Fedora 40, openSUSE Tumbleweed na Kali Linux. Hayakuwa yameingia katika matoleo imara ya Debian wala katika Red Hat Enterprise Linux, ambayo ndiyo hutumika sana katika seva za kazi.

Baada ya tangazo, mifumo hiyo ilirudisha matoleo ya zamani. Red Hat iliwataka watumiaji wa Fedora Rawhide kuacha kuitumia mara moja. Shirika la Marekani la usalama wa mitandao, CISA, lilishauri watu warudi kwenye toleo lisiloathirika, kwa mfano 5.4.6. Kampuni ya Canonical iliahirisha kwa wiki moja toleo la majaribio la Ubuntu 24.04 ili kujenga upya vifurushi vyake. GitHub ilifunga hifadhi ya mradi kwa muda. Collin alirudi kukagua kazi yote, na tarehe 29 Mei 2024 alitoa toleo 5.6.2 lisilo na msimbo huo.

Mhusika

Mtu au kundi lililotumia jina la Jia Tan halijatambuliwa. Subira ya miaka zaidi ya miwili, majina kadhaa ya kusaidiana na ustadi wa msimbo wenyewe vimewafanya wataalamu wengi wahisi kwamba nyuma yake kuna kikundi chenye rasilimali, pengine cha serikali fulani. Hata hivyo hakuna ushahidi wa wazi unaotaja nchi au kikundi chochote.

Uwazi na uaminifu

Tukio hili limefasiriwa kwa namna mbili. Wapo wanaoliona kama ushahidi wa udhaifu wa programu huria. Msimbo ulikuwa wazi kwa wote, lakini karibu hakuna aliyeusoma. Wengine husema kwamba uwazi ndio ulioiokoa intaneti: Freund hakuwa mmoja wa watunzaji wa XZ Utils, wala hakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu ili kuichunguza hadi ndani.

Kwa kulinganisha, katika shambulio la SolarWinds msimbo wa hila uliingizwa katika programu ya kampuni ambayo msimbo wake haukuwa wazi. Sasisho zenye msimbo huo zilisambazwa kwa wateja kwa miezi kadhaa ya mwaka 2020, hadi kampuni ya FireEye ilipogundua uvamizi katika mitandao yake yenyewe mnamo Desemba. Programu zisizo wazi hazina kinga dhidi ya mashambulizi ya aina hii.

Jambo lingine ni mpaka wa uwezo wa saini za kidijitali. Vifurushi vya 5.6.0 na 5.6.1 vilikuwa na saini halali ya Jia Tan, aliyekuwa mtunzaji halali. Saini huthibitisha kwamba faili imetoka kwa fulani na haikubadilishwa njiani. Haiwezi kuthibitisha nia ya aliyeitia.

Tatizo hili lilielezwa mapema na Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wa mfumo wa Unix, katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing uliochapishwa mwaka 1984. Alionyesha jinsi programu inayotafsiri msimbo inavyoweza kuingiza mlango wa nyuma bila alama yoyote kubaki katika msimbo unaosomwa na watu. Kwa sababu hiyo baadhi ya miradi hufanya kazi ya kuhakikisha kwamba mtu yeyote akijenga programu kutoka msimbo uleule atapata faili ileile, ili tofauti yoyote ionekane.

Lililojadiliwa zaidi ni hali ya watunzaji wenyewe. Suala hilo liliwahi kujitokeza Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyolinda sehemu kubwa ya tovuti duniani huku ikitunzwa na watu wachache sana. Mwaka huohuo Linux Foundation ilianzisha mpango wa kuchangia fedha kwa miradi ya msingi. Miaka kadhaa baadaye XZ Utils bado ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja asiyelipwa. Mnamo Aprili 2024 mashirika ya OpenSSF na OpenJS Foundation yaliwatahadharisha watunzaji wa miradi mingine kuhusu wageni wanaodai kwa msisitizo kupewa mamlaka, na kuhusu majina yasiyojulikana yanayowaunga mkono.

Tazama pia

Linux
Programu huria
Usalama wa kompyuta
Heartbleed