Upepo wa matairi katika DUKW

DUKW ni lori la kijeshi la Marekani lenye magurudumu 6, lililoundwa na kampuni ya GMC mwaka 1942 ili litembee barabarani na kuelea majini. Ndilo gari la kwanza lililomwezesha dereva kupunguza au kuongeza upepo wa matairi akiwa kwenye usukani, bila kushuka. Ufukweni alipunguza: tairi hulegea na kutanda kama wayo wa ngamia, lisichimbe mchanga. Kwenye lami alijaza tena, maana tairi legevu likienda kasi hupata joto na kupasuka. DUKW zilitumika Sicily mwaka 1943 na Normandy mwaka 1944.