Picha za ushahidi katika mageuzi ya Kongo

Picha za ushahidi ni picha zilizopigwa ili kuthibitisha mateso ya watu na kuwalazimisha wenye mamlaka kuyakomesha. Katika historia ya Kongo zilipata nguvu kati ya 1904 na 1908, mwishoni mwa Dola Huru la Kongo, nchi iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji tangu 1885. Picha mashuhuri zilipigwa Baringa, kando ya mto Maringa, mbali na Uvira, mji wa mashariki ulio kando ya Ziwa Tanganyika; lakini madai ya Leopold kuwa mkombozi wa watumwa, ambayo picha hizo ziliyavunja, yalijengwa kwa sehemu kubwa juu ya mateso ya watu wa ziwa hilo.

Chanzo

Miaka ya 1880, habari za misafara ya watumwa kandokando ya ziwa zilifika Ulaya kwa barua na michoro. Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadre Weupe, alizihubiri Paris, London na Brussels mwaka 1888. Leopold aliitumia huruma iliyoamka. Vita vya 1892–1894 dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa Waarabu na Waswahili, akiwamo Rumaliza wa Ujiji, vilitangazwa kuwa vya ukombozi, na vikamfungulia mashariki ya Kongo, Uvira ikiwamo. Huko bonde la Maringa, dola hilohilo liliiachia kampuni ya ABIR kukusanya mpira kwa bunduki.

Baringa, 1904

Tarehe 14 Mei 1904 mwanakijiji wa Wala aitwaye Nsala alifika misheni ya Baringa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa na walinzi wa ABIR. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha akiwa ameketi, akiyatazama mabaki ya mwanawe. Nsala ndiye aliyeubeba ushahidi huo hadi misheni. Kamera iliuvusha bahari.

Kampeni

Machi 1904 Edmund Morel na wenzake walianzisha Chama cha Mageuzi ya Kongo nchini Uingereza. Picha zilichapishwa katika vitabu na magazeti, na Alice na mumewe John walizionyesha kwa taa ya slaidi makanisani na kumbini, Uingereza na Marekani. Katika kijitabu chake cha 1905, Mark Twain alimfanya Leopold alalamike kwamba kamera ya Kodak ndiyo shahidi pekee asiyeweza kumhonga.

Picha peke yake ilikanushika. Kuhusu Epondo, kijana aliyekatwa mkono, watetezi wa dola walidai aling'atwa na nguruwe mwitu. Kwa hiyo wanamageuzi waliandamanisha picha na jina, kijiji na maelezo ya walioshuhudia. Mbele ya tume ya uchunguzi iliyoundwa na Leopold mwenyewe, Chifu Lontulu wa Bolima alipanga vijiti 110, kimoja kwa kila mtu wake aliyeuawa. Ripoti ya tume, iliyotolewa Novemba 1905, ilithibitisha maovu mengi. Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka kwa Leopold.

Mipaka na urithi

Mabadiliko hayo hayakumaliza shuruti. Kilimo cha pamba cha lazima kilianza 1917, na baadaye pamba ikaenea hadi Uwanda wa Ruzizi, kaskazini ya Uvira. Picha zilimwangusha mtawala mmoja. Kazi ya kulazimishwa ikabaki, kwa kuwa haikuwa na sura moja ya kutisha ya kuwekwa mbele ya umma.

Njia ya Baringa ya kuthibitisha mateso kwa picha bado inatumika Kivu Kusini, mkoa ilimo Uvira. Mwaka 2018 mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR kwa mauaji katika vijiji vya Kamananga na Lumenje. Miongoni mwa ushahidi zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayohifadhi mahali na wakati wa kila picha. Mahakamani kama kumbini, picha inatimiza haki pale inapoambatana na jina la aliyeumizwa na sauti ya anayeweza kuulizwa.