Kuta Nyeupe za Kilima cha Makerere

Katika nchi jirani ya Uganda, juu ya kilima cha Makerere mjini Kampala, limesimama jengo jeupe lenye mabawa mawili yaliyolingana na mnara wa saa katikati ya paa. Ni Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere. Lilikamilika mwaka 1941, wakati Uingereza yenyewe ikiwa katika vita, na sura yake ni ya Kiingereza kabisa, kana kwamba limehamishwa kutoka huko.

Chuo chenyewe hakikuanza kwa fahari hiyo. Mwaka 1922 kilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na Lord De La Warr ilipendekeza kiwe chuo cha elimu ya juu kwa Afrika Mashariki nzima, na ndipo majengo ya kudumu yakafuata.

Lakini majengo huhitaji ardhi, na ardhi ya Buganda ilikuwa na wenyewe. Tarehe 4 Septemba 1945, Katikiro wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aliidhinisha sheria ya kuwezesha ardhi kutwaliwa kwa shughuli za umma, upanuzi wa Makerere ukiwa miongoni mwake. Wananchi wengi walihofu kwamba huo ulikuwa mlango wa kuwapa wazungu ardhi yao. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwa yale yaliyokwisha kutokea Kenya. Kesho yake asubuhi, Nsibirwa alipigwa risasi na kuuawa mlangoni pa kanisa kuu la Namirembe. Bweni mojawapo la Makerere lilipewa jina lake baadaye.

Hapo ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipopata mafunzo ya ualimu kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa walifuata katika miaka ya hamsini na mwanzoni mwa sitini.

Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, alijifanya pia mkuu wa chuo hicho. Mwaka uliofuata, Makamu Mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa serikali hiyo, asirudi tena. Agosti 1976 askari waliingizwa chuoni dhidi ya wanafunzi wasio na silaha, wakawapiga na kuwatoa mabwenini. Askari hao walilipwa na kodi ya wazazi wa vijana wale wale. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoukomboa mji wa Kampala mwezi Aprili 1979, kuta zile nyeupe zilikuwa zimesimama, ila walimu wengi walikuwa wamekwisha kuuawa au kukimbilia ng'ambo.

Lililoshindwa kufanywa na utawala huo lilifanywa na moto. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu liliwaka kuanzia darini. Zimamoto wa polisi ya Uganda walipambana nao hadi alfajiri, lakini paa lilianguka na baadhi ya nyaraka zikateketea. Serikali iliamua lijengwe upya kwa sura ile ile ya mwaka 1941, mnara wake ukiwa mahali pake, na mwaka 2024 likafunguliwa tena.