Nani Mhusika? Mafunzo ya Kukabiliana na Umwagikaji wa Mafuta Baharini na Nafasi ya Mvuvi wa Pemba

Habari za mafuta si ngeni Pemba. Huko Tundaua mafuta huvuja yenyewe kutoka ardhini, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni za BP na Shell zilichimba kisima cha uchunguzi, Pemba-5, ambacho hakikuzaa uzalishaji wa kibiashara. Elimu ya kuyaondoa mafuta baharini ni changa zaidi, tena asili yake ni mbali na kisiwa hicho.

Chimbuko lake ni ajali ya meli Exxon Valdez huko Alaska, Machi 1989. Mwaka uliofuata ulipitishwa mkataba wa kimataifa wa kujitayarisha na kukabiliana na uchafuzi wa mafuta, unaozitaka nchi ziwe na mazoezi ya mara kwa mara na mafunzo kwa wahusika. Shirika la Kimataifa la Bahari liliyapanga mafunzo hayo katika ngazi tatu: watendaji wa mwanzo, wasimamizi wa eneo la tukio, na viongozi waandamizi. Mkataba haukueleza mhusika ni nani. Ngazi hizo, hata hivyo, zinamchukulia kuwa ni mwajiriwa mwenye msimamizi juu yake na ghala la vifaa karibu naye.

Mhusika wa namna hiyo hupatikana Mkoani au Wete, penye bandari. Sehemu kubwa ya pwani ya Pemba ni hori, mikoko na madiko ya wavuvi. Meli Spice Islander I ilipozama Septemba 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowahi kuokoa watu. Sheria iliyounda Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Upande wa Bara, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania liliundwa kwa sheria ya 2017. Mafuta yanayoelea hayatambui mpaka wa taasisi hizi mbili.

Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limeamsha upya hofu ya mafuta katika mkondo wa Pemba. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi, ndiyo maana bomba hupashwa moto. Yakimwagika katika maji ya bahari yataganda, na vifaa vya kukusanyia mafuta mepesi havitafaa sana. Hofu hiyo ina msingi, lakini isitawale mtaala peke yake. Mkondo mkuu wa bahari hapa huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi huuongezea kasi. Pepo za kusi na za kaskazi, kila moja kwa upande wake, huelekea kuyasukuma mafuta ya mkondoni upande wa Bara. Yatakayomwagika Chongoleani yana njia fupi zaidi kufika Vanga na Shimoni. Pemba yenyewe imekaa wazi zaidi kwa meli zipitazo kusini na mashariki yake. Wakashio, iliyokwama Mauritius Julai 2020, haikuwa meli ya mafuta. Takriban tani 1,000 zilizovuja zilikuwa mafuta mazito ya injini zake.

Ni hori ipi hupokea takataka za bahari wakati wa kaskazi? Wavuvi wa Kojani, waliozoea kwenda dago, wanalijua jibu kabla ya ramani yoyote. Wanawake wanaolima mwani nao huwamo majini kila maji yanapotoka, na huenda wakawa wa kwanza kuuona utando.

Kuwaita watu hawa bila kuwafundisha ni hatari vilevile. Mauritius raia walishona maboya ya majani makavu ya miwa, yakasaidia. Ndani ya mikoko, anayeingia kwa miguu kuchota mafuta huyakanyagia kwenye tope, ambako hudumu miaka mingi. Kwa mikoko ya Pemba, basi, somo la ngazi ya kwanza ni kuyazuia mafuta mdomoni mwa hori kabla maji hayajajaa, na kujua nani asikanyage matopeni.